Joho la Idi na Nusu Saa ya Pili

Malindi,
2 Februari 2026

Kwa mwanangu Raiya,

Assalaamu alaykum. Sisi uliotuacha nyumbani tuko salama, ila goti la mke wangu Bi Zeina limevimba tena na daktari amemkataza kupanda ngazi, kwa hiyo tumemteremshia kitanda chumba cha chini. Mdogo wako Amal amepata nafasi katika chuo cha ualimu na ataanza mwezi wa Mei. Ukuta wa kisima uliokuwa ukiegemea kwa jirani umejengwa upya. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu si mahali pa jambo zito. Maneno ya simu hayana tarehe wala sahihi, na mtu huyakana kesho yake.

Juzi Jumamosi nilikaa mbele ya redio saa sita kamili, kama nifanyavyo kila Jumamosi tangu ulipopewa kipindi hicho cha uchaguzi mdogo wa wadi yetu. Nilimsikia Bwana Yaseen Athumani akikusalimu kwa adabu, akikuita binti yangu, nawe ukimjibu kwa jina tupu kama unayemwita mwuza maji. Ulimuuliza maswali saba. Matano yalikuwa juu ya kiwanja kimoja tu cha Marereni. Ulipomkatiza mara ya tatu nilizima redio, nikatia udhu, nikaenda zangu msikitini. Mgombea mwenzake, Gona, sijapata kukusikia ukimuuliza hata swali moja.

Ulipokuwa na miaka kumi na miwili ulitaka kuamua ugomvi wa watoto wa mtaa, na mmoja wao alikuwa amekupa ubuyu. Nilikuita nikakwambia hivi: mwenye maslahi katika jambo na ayataje kabla hajafungua kinywa, asipoyataja, kila neno lake ni la aliyempa. Ulilia, lakini ulielewa. Nakuuliza leo, nani amekupa ubuyu safari hii?

Nyumba ya Bwana Yaseen ni nyumba ya watu. Wiki iliyopita walikuja hapa kutujulia hali, yeye, mkewe na mwanawe Swafwan aliyerudi kutoka Uarabuni, wakakaa mpaka alasiri. Sipendi kuwatazama watu hao usoni huku nikibeba aibu ya ulimi wako.

Nangoja jibu lenye kueleweka.

Ami yako,
Hamad


Kilifi,
15 Februari 2026

Ami,

Shikamoo. Barua yako ilikaa siku tisa katika ofisi ya vifurushi kwa sababu Mwambire, karani wao, aliitia kwenye kabati la mizigo ya hospitali. Mimi sijambo. Nimehama chumba, sasa nakaa karibu na chuo kikuu, na maji hutoka siku tatu kwa wiki. Mpe pole Bi Zeina na umwambie nitamletea ile dawa ya kuchua. Hongera kwa Amal.

Sasa nijibu. Kipindi changu ni cha saa nzima, Ami. Yaseen alitangulia kuwasilisha karatasi zake za ugombea, basi kwa utaratibu wetu nusu saa ya kwanza ni yake na ya pili ni ya Gona. Wewe huzima redio saa sita na nusu uwahi Adhuhuri. Tangu Januari hujasikia nusu saa ya pili hata siku moja. Jumamosi hiyo unayoisema, Gona nilimuuliza maswali manane. La sita lilihusu vitabu vya shule ya chekechea vilivyoonekana vikiuzwa dukani kwa shemeji yake. Alivua vipokea sauti vya masikioni akatoka nje. Odera, mhariri wangu, ilibidi apige taarabu dakika kumi na moja kujaza pengo. Mwalimu aliyetufundisha kusoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho amenihukumu kwa nusu.

Kuhusu Marereni, nitakueleza ili usiseme sikukueleza. Kuna mama anaitwa Sidi. Wazazi wake walitoka kijiji cha Adu wakati wa ukame, wakaja kufanya kazi ya kibarua kwenye mashamba ya chumvi, wakajenga kwenye kiwanja kilichokuwa hakina mwenyewe. Leo ziko nyumba arobaini, na nyuma yake ni makaburi ya wazee wao. Mwezi wa Desemba walikuja watu na kamba, wakapima mpaka juu ya makaburi, wakasema kiwanja kina hati miliki na mwenye hati ni mtu wa nyumba ya Yaseen. Jina la mtu huyo sijalitaja hewani kwa sababu hati sijaiona kwa macho yangu. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha.

Nami nina swali langu. Watu wa Yaseen wameishi mtaa wa pili kutoka kwetu miaka yote, na goti la Bi Zeina limevimba miaka sita. Kwa nini wamekuja kutujulia hali mwaka huu?

Mwanao,
Raiya


Malindi,
3 Machi 2026

Raiya,

Wa alaykum salaam, ingawa salamu yenyewe ulisahau kuiandika. Funga inaendelea vizuri. Bi Zeina anafunga juu ya maneno ya daktari. Amal amejifunza kupika vitumbua visivyoungua.

Barua yako nimeisoma. Jeuri yake nimeiweka kando kwa heshima ya mwezi huu.

Unasema kuna nusu saa nisiyoisikia. Inawezekana. Lakini anayeandika habari hahukumiwi kwa redio peke yake, huhukumiwa pia kwa mwendo wake. Pola, niliyemfundisha darasa la sita, sasa ana duka la vipuri Marereni. Ameniambia kwamba siku uliyokwenda kwa huyo mama Sidi ulishuka kwenye gari jeupe lenye picha ya Gona kila upande, na kijana mwenye fulana ya Gona akakufungulia mlango. Pola si mwongo. Alikuwa mwizi wa maembe tu, na hilo aliliacha.

Nauliza swali moja. Ulikwendaje Marereni?

Kuhusu wageni wangu, mgeni wa nyumba haulizwi alichokuja nacho, wala mwenye nyumba haulizwi na mtoto. Mimi ndimi niliyekulea tangu marehemu baba yako alipotutoka. Sijapata kukutakia shari.

Nakuamuru uache kipindi hicho mpaka kura zipigwe. Mwambie mhariri wako una udhuru. Ukija Idi tutazungumza.

Hamad


Kilifi,
28 Machi 2026

Assalaamu alaykum, Ami. Safari hii sikusahau.

Sikuja Idi kwa sababu nilikuwa na zamu, na nilikuwa na zamu kwa sababu niliiomba. Nasikia mlikula vizuri. Nasikia pia ulivyovaa.

Acha nikusimulie Jumamosi iliyopita, maana ilitokea katika nusu saa ya pili na najua hukuisikia. Tulifungua simu za wasikilizaji. Akapiga mtu wa Marereni.

“Haloo, Raiya? Ni mimi Mapenzi. Mimi sina swali, nina hongera.”

“Hongera za nini, Bwana Mapenzi?”

“Ee! Umekuwa mkwe wa Yaseen, na huku watuuliza za nini? Ami yako kavaa kilemba chao Idi, joho lang’ara mpaka ng’ambo ya barabara. Sasa sisi wa Marereni tumlilie nani, bi arusi?”

Nikacheka, Ami. Nilicheka hewani. Kisha nikaapa, “Wallahi, sijaposwa na mtu yeyote.” Niliapa kwa sababu nilijua nyumba yetu. Nilijua kwamba jambo kama hilo haliwezi kupita mlango wa ami yangu bila mimi kuambiwa.

Nilipotoka studio, Odera alikuwa amesimama mlangoni na simu yake mkononi.

“Raiya, umeapa kwa jina la Mungu, na watu wote wa wadi wamesikia.”

“Nimeapa kweli.”

“Basi tazama hapa. Huyu si mzee wako? Kapendeza, siwezi kukataa.”

Ulikuwa wewe, kwenye ngazi za msikiti, umevaa joho jeusi lenye nakshi za dhahabu shingoni, na Yaseen amekushika mkono upande mmoja na Swafwan upande wa pili. Watu wa bara hawajui maana yake. Odera mwenyewe ilibidi aelezwe. Lakini hakuna mtu wa mji wetu asiyejua kwamba joho likitoka katika nyumba yenye kijana kwenda kwa mzee mwenye binti, hilo huitwa kilemba cha walii, zawadi ya posa kwa msimamizi wa ndoa, na mzee akilivaa mbele ya watu amekwisha kujibu.

Sasa watu wa Gona wanasema mimi ni wa Yaseen kwa sababu ya joho. Watu wa Yaseen wanasema mimi ni wa Gona kwa sababu ya maswali. Na mimi nimeapa uongo bila kujua kwamba ni uongo.

Hati ya Marereni nimeiona. Nilikwenda ofisi ya ardhi hapa Kilifi nikaomba kuisoma, nikaisoma. Mwenye kiwanja ni Swafwan Yaseen Athumani. Mimi nilianza kuuliza juu ya kiwanja hicho Desemba. Wao walikuja kuniposa Januari. Wewe ndiye mwenye hesabu nzuri zaidi yangu.

Je, ulipokea posa yangu? Jibu ni ndiyo au la.

Raiya


Malindi,
9 Aprili 2026

Raiya,

Wa alaykum salaam. Mvua zimeanza na chumba cha juu kinavuja. Bi Zeina ana siku tatu hasemi nami, na sababu yake naijua, wewe pia waijua.

Hakuna posa niliyoipokea. Walisema, “Tumekuja kuomba.” Nikasema, “Tutazame.” Neno langu ni hilo moja tu, na tutazame si ndiyo. Walipoondoka waliacha kifurushi. Nilipokifungua nikakuta joho. Kumrudishia mtu zawadi mlangoni mwake ni kumtukana, na mimi situkani watu. Siku ya Idi nililivaa kwa sababu kanzu yangu ya heshima imechakaa kwapani. Kama mji umesoma nisichoandika, hilo ni kosa la msomaji.

Unauliza kwa nini sikukwambia. Nilinyamaza kwa ajili ya kazi yako! Nilijua kwamba ukiambiwa kuna posa katika nyumba ile, ulimi wako utayumba, ama kwa kuwapendelea ama kwa kuwakomoa ili uonekane huwapendelei. Nikasema moyoni, na amalize uchaguzi wake bila kujua, awe safi, kisha nitamweleza. Usipojua jambo, halikupindishi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sioni ubaya wake.

Una miaka thelathini na miwili. Swafwan ana elimu na hanywi. Nilikuwa nakutafutia stara.

Umeandika kurasa tatu juu ya joho langu na hukuandika hata mstari mmoja juu ya gari. Nilikuuliza tarehe tatu Machi, ulikwendaje Marereni? Ninarudia.

Hamad


Kilifi,
19 Aprili 2026

Ami,

Assalaamu alaykum. Mpe salamu Bi Zeina na umwambie namshukuru kwa siku zake tatu.

Nilikwenda Marereni kwa gari la Gona. Ndiyo. Redio yetu haina gari. Odera aliniambia, “Nenda kwa njia yoyote, ila ulete sauti.” Kijana mmoja wa kampeni, Jimmy, aliniambia wanaelekea huko kubandika mabango na kiti cha mbele ki wazi. Nikapanda. Nilikaa saa moja na nusu chini ya picha ya mtu ambaye Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimuulize maswali. Gari hilo sikulitaja hewani, sikumwambia Odera, na ulipouliza sikukujibu, kwa sababu jibu lilikuwa lile ulilolidhani. Huo ndio ubuyu wangu.

Ubora wangu juu yako, kama upo, ni mdogo sana. Mimi nilijua kwamba nimekula.

Jumatano nilirudi Marereni, kwa nauli yangu. Sidi alikuwa akianua nguo. Hakunikaribisha kukaa.

“Mwanangu, hebu niambie, we u wa nani?”

“Mimi ni wa redio, mama.”

“Redio haizai. Yaseen asema u wa Gona. Gona asema u mkwe wa Yaseen. Mimi nilikupa makaburi ya baba yangu, nikakutajia mmoja mmoja, hata kitoto kile kisichopewa jina. Umempa nani?”

Baraza la ardhi litasikiliza malalamiko yao mwezi ujao, na wakili wa upande wa pili amekwisha kusema kwamba habari yote ilitungwa na mwandishi mwenye ugomvi wa ndoa na mwenye hati. Ugomvi wa ndoa! Kwa hiyo joho lako halikukaa begani mwako tu, Ami. Limetandazwa juu ya makaburi ya watu.

Nataka kitu kimoja. Mwandikie Odera barua yenye tarehe na sahihi, kama upendavyo. Sema kwamba watu wa Yaseen walikuletea posa yangu mwezi wa Januari, kwamba ulilivaa joho lao, na kwamba mimi sikuambiwa. Ifike kabla ya Ijumaa tarehe ishirini na nne. Isipofika, Jumamosi nitayasema mwenyewe. Nitasoma kwanza barua yako ya tarehe mbili Februari, pale ulipoandika habari ya mwenye maslahi. Sijapata maneno bora ya kufungulia.

Raiya


Malindi,
22 Aprili 2026

Raiya,

Barua ya mzee kwa mtoto wake si mali ya umma. Ukiisoma redioni, usinihesabu kuwa ami yako.

Kwa huyo mhariri sitaandika. Sikumfundisha, simjui, na simpi hesabu ya wageni wangu.

Hamad


Kilifi,
30 Aprili 2026

Ami,

Assalaamu alaykum. Nakuandikia hata kama hunihesabu.

Ijumaa nilikaa ofisi ya vifurushi mpaka wakafunga. Mwambire alinipekulia makabati yote, hata la hospitali. Palikuwa na ile barua yako fupi tu.

Jumamosi, saa sita kamili, nilisoma maneno yako. Jina lako nililitaja, kwa sababu jina langu pia nililitaja. Nikasema: mimi, Raiya, nilipanda gari la Gona kwenda kuchukua habari ya Marereni na sikuwaambia. Nikasema: nyumba ya Yaseen ilileta posa yangu kwa ami yangu Mwalimu Hamad, ami yangu akavaa joho lao siku ya Idi, sikuambiwa, na niliapa mbele yenu jambo ambalo nilipaswa kuuliza kwanza. Posa hiyo siitaki. Kijana anayeniposa ndiye mwenye hati ya kiwanja. Basi kila nililowaambia juu ya Marereni mlitie shaka mpaka mtu mwingine alihakikishe.

Odera alinitoa kwenye siasa siku hiyo hiyo. Sasa nasoma bei za nazi na taarifa za hali ya hewa. Kipindi amepewa Maina. Alikwenda Marereni Jumatatu kwa pikipiki iliyolipiwa na redio, akalala huko usiku mmoja, akaisoma hati upya, akamrekodi Sidi upya. Mambo ni yale yale niliyoyasema, neno kwa neno, ila jina langu halimo. Jana yametangazwa. Watu wanasema Maina ana ujasiri sana.

Simwonei wivu. Namwonea kidogo.

Hukunipigia, na sikutarajia. Nilidhani labda utasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikakumbuka saa sita na nusu.

Raiya


Malindi,
1 Juni 2026

Raiya,

Assalaamu alaykum. Bi Zeina amepata nafuu na anapanda ngazi kwa jeuri. Amal ameanza chuo. Idi Kubwa imepita salama.

Bwana Yaseen ameshinda kwa kura mia moja na tisa. Niliazimia kumpigia kura kabla ya yote haya kunielemea, nikampigia na baada yake, kwa maana kwamba siku yenyewe mkono wangu ulikwenda palepale. Sitaki uniulize sababu. Gona ni mtu wa vitabu vya watoto dukani kwa shemeji.

Nimesikia kwamba baraza la ardhi limezuia kiwanja cha Marereni kisiguswe mpaka kesi isikilizwe, na kwamba mkuu wa baraza aliitaja taarifa ya Maina. Yako hakuitaja.

Sasa lililobaki. Umenivunjia heshima mbele ya mji mzima. Wanafunzi wangu wenye wajukuu wamenisimamisha njiani kunipa pole kama niliyefiwa. Nilikwambia usisome, ukasoma. Hilo sijakusamehe na sioni siku nitakayokusamehe. Kwa kuwa unajua kujisemea, jisemee. Atakayekutaka aende kwa kadhi. Mimi sitapokea tena chochote kwa jina lako, si neno, si nguo.

Joho nililirudisha mwenyewe, Jumatatu baada ya kipindi chako. Nililikunja, nikalitia katika karatasi yake, nikaenda kwa miguu. Yaseen alinipokea barazani, hakuniingiza ndani. Nikamwambia, “Nimekurudishia amana yako.” Akasema, “Mwalimu, posa tuliiondoa tangu Jumamosi, kaa nalo tu, limekupendeza.” Swafwan alikuwepo, akacheka. Nikamuuliza kijana huyo mbele ya baba yake, “Kiwanja cha Marereni ulikinunua kwa nani?” Akamtazama baba yake. Baba yake akasema mambo ya ardhi hayaingii kwenye mambo ya wanawake. Nikaliweka joho juu ya kiti nikatoka. Siku ya Idi Kubwa nilisali na kanzu yangu iliyochakaa kwapani, safu ya mbele, na kila aliyetaka kusoma alisoma.

Tena kuna jambo moja. Jumamosi ile ya ishirini na tano Aprili sikuondoka saa sita na nusu. Nilisali nyumbani, nimechelewa, Mungu anisamehe. Baada ya kujisema wewe na kunisema mimi, ulimgeukia Gona ukamuuliza juu ya gari, kwamba alikupa kiti ili apate nini. Akababaika. Ukamuuliza tena. Ukamuuliza mara ya tatu. Ulimbana kuliko ulivyopata kumbana Yaseen.

Basi nusu saa ya pili ilikuwepo. Nilikuhukumu bila kuisikia.

Haya nimekuandikia wewe peke yako. Usiyasome redioni.

Hamad